Hotidogi ya Chicago, ya Reykjavik na ya Wete: barua za wasomaji na majibu yake

Katika toleo lililopita nilimjibu kwa mistari mitatu tu msomaji aliyeuliza kwa nini watu wa Chicago hawatii sosi ya tungule kwenye hotidogi, yaani soseji iliyotiwa ndani ya mkate, nikadhani jambo limekwisha. Barua zilizofuata, kutoka Unguja na Pemba, zimenionesha kuwa nilikuwa nimefungua mlango na kuuacha wazi. Kwa hivyo ukurasa wote wa mwezi huu ni wa soseji, mkate na vikolezo vyake.

*Assalaam aleikum Bi Mpishi. Mimi ni kijana wa Wete. Nimepata kigari na jiko la mkaa, na ninakusudia kuuza hotidogi nyakati za jioni, kwa sababu wauza chipsi wameshakuwa wengi. Ami yangu, ambaye aliwahi kuishi Marekani, ananiambia kuwa hotidogi ya kweli ni ya Chicago na kwamba anayeitia tomato hana adabu. Rafiki yangu naye ananionesha picha za hotidogi zilizofunikwa kima na jibini mpaka soseji haionekani. Nimfuate nani?*

Waaleikum salaam mwanangu. Ami yako amesema kweli, lakini amesema nusu yake. Hakuna hotidogi moja ya Marekani, kama ambavyo hakuna pilau moja ya pwani hii. Kila mji una yake, na watu wa kila mji huona kuwa wenzao wanaharibu chakula. Soseji zenyewe hazipishani sana. Kinachoutofautisha mji na mji ni kile kinachowekwa juu, na hicho hutokana na watu waliohamia pale na vitu walivyovikuta sokoni.

Nianze na Chicago, maana ndiyo yenye kanuni kali. Soseji yake ni ya nyama ya ng'ombe tupu, inayopashwa katika maji ya moto, ikatiwa kwenye mkate laini ulionyunyiziwa mbegu za mpopi, kama sisi tunavyonyunyiza ufuta. Juu yake huja haradali ya manjano, achari tamu ya matango yaliyosagwa yenye rangi ya kijani isiyopatikana katika bustani yoyote ya duniani, kitunguu maji kilichokatwakatwa, vipande vya tungule, tango la siki lililopasuliwa kwa urefu, pilipili ndogo za siki, na mwisho chumvi iliyochanganywa na seleri. Hivyo ni vikolezo saba. Wenyewe husema kuwa hotidogi hiyo imeburutwa bustanini, na anayeitazama haoni sababu ya kubishana nao.

Sasa utaelewa kwa nini tomato ya chupa inakatazwa. Tungule imo tayari, utamu umo kwenye achari, na ukali umo kwenye haradali na siki. Ukiongeza sosi yenye sukari nyingi juu ya hayo, inavifunika vyote na kila tonge linakuwa na ladha moja. Baraza la wafanyabiashara wa soseji la Marekani limeandika hata kanuni za adabu za kula hotidogi, na mojawapo inasema kuwa mtu aliyepita umri wa miaka 18 hapaswi kuitia tomato. Imeandikwa kwa mzaha, lakini ukiwa Chicago usiucheke sana.

Soseji hiyo ya ng'ombe ina historia inayotuhusu. Mwaka 1893, wakati wa maonesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago, wahamiaji wawili kutoka dola ya Austria na Hungaria, Emil Reichel na Samuel Ladany, waliwauzia wageni soseji za ng'ombe, na kampuni iliyotokana na biashara yao, Vienna Beef, ipo mpaka leo. Kupendwa kwa nyama ya ng'ombe tupu kulitokana na desturi ya Wayahudi, ambao hawali nguruwe. Mboga ziliongezeka katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi ulioanza 1929, pale mchuuzi wa soko la Maxwell Street alipotakiwa kumshibisha mtu kwa senti tano: nyama ilikuwa ghali na mboga zilikuwa rahisi, basi mboga zikajaa. Wewe mwenye kigari cha Wete hesabu hiyo unaijua bila ya kufundishwa.

New York ni tofauti kabisa. Huko ndiko biashara yenyewe ilikokulia, katika ufukwe wa Coney Island, ambako Mjerumani Charles Feltman aliuza soseji ndani ya mkate katika karne ya 19, na ambako Nathan Handwerker, mhamiaji kutoka Poland, alifungua kibanda chake mwaka 1916 akauza kwa senti tano kile ambacho Feltman alikuwa akikiuza kwa senti kumi. Vikolezo vyao ni vichache: haradali ya rangi ya kahawia yenye ukali, kabeji iliyochachushwa kwa chumvi, na vitunguu vilivyopikwa pole pole katika sosi nyepesi ya tungule. Mimi, kama ningelazimishwa kuchagua mji mmoja wa Marekani, ningechagua huu, kwa sababu soseji inabaki inasikika.

Rafiki yako aliyekuonesha picha za kima bila ya shaka ameona hotidogi ya Detroit au ya Cincinnati. Ya Detroit huitwa Coney, kwa jina la ule ufukwe wa New York, ingawa New York hawaili hivyo hata siku moja; sisi tunaouza Forodhani chapati nyembamba yenye kima na yai tukaiita piza ya Zanzibar hatuna haki ya kuwacheka. Walioianzisha ni Wagiriki na Wamasedonia. Soseji hukaangwa kwenye chuma bapa mfano wa tawa, kisha humwagiwa sosi laini ya kima isiyo na maharagwe, haradali ya manjano na kitunguu kibichi. Maduka mawili maarufu, American na Lafayette, yamepakana ukuta kwa ukuta, yote yakiwa yametokana na ndugu wa ukoo mmoja wa Kigiriki, na kila mkaazi wa mji ana upande wake. Katika mji wa jirani wa Flint kima hicho huwa kikavu, na wao huhesabu tofauti hiyo kuwa kubwa.

Cincinnati, mwanangu, ndiyo iliyonishangaza. Kima cha huko hutiwa mdalasini na viungo vitamu vinavyofuatana nao, kwa sababu walioanza kukipika miaka ya 1920 walikuwa ndugu wawili wa Kimasedonia, waliokuja na mkono wa mapishi ya Mashariki ya Mediterania. Juu yake hurundikwa jibini ya njano iliyokwaruzwa kama nazi. Mtu wa Pemba akionja atasema mpishi alikosea akachanganya sufuria ya pilau na ya soseji, lakini ataimaliza.

Upo pia mtindo wa Sonora, uliozaliwa Hermosillo kaskazini mwa Meksiko ukavuka mpaka hadi Tucson katika jimbo la Arizona, ambako mgahawa wa El Güero Canelo ulipewa tuzo ya upishi ya James Beard mwaka 2018. Soseji huzungushiwa ukanda wa nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na hilo kwetu linaishia hapo hapo. Nautaja kwa ajili ya mkate wake. Ni mkate mnene unaopasuliwa juu tu huku ncha zake mbili zikibaki zimefungika kama mtumbwi, ndipo ukaweza kubeba maharagwe, tungule, kitunguu, mayonezi na pilipili bila ya kitu kumwagika kwenye nguo. Boflo letu dogo lina umbo hilo hilo. Usilipasue pande zote. Seattle wanapaka jibini laini na vitunguu vya kukaanga, nami sina la kuongeza juu ya hilo.

Basi umfuate nani? Usimfuate ami wala rafiki. Achari ya kijani ya Chicago hutaipata Wete, na ukiagizia bei yake itakula faida, na jibini inayeyuka vibaya jioni ya joto juu ya kigari. Chukua kanuni iliyo chini ya mitindo yote hiyo: kitu kimoja chachu, kimoja kikali, kimoja chenye ubichi wa kuvunjika menoni, na kimoja laini cha kuvishikanisha. Vinne vinatosha kwa kuanzia. Namna ya kuvitengeneza kwa vitu vya sokoni kwetu nimeieleza katika barua ya tano.

*Bi Mpishi, mimi nafanya kazi ya kutembeza wageni hapa Mji Mkongwe. Kila mgeni nikimtajia chakula cha mkate na soseji huniambia kwamba kwao ndiko kinakojulikana zaidi. Je, hotidogi si ya Wamarekani peke yao?*

Si yao peke yao, na hata soseji si yao asili. Majina yake mawili ya zamani yanatokana na miji miwili ya Ulaya, Frankfurt na Vienna, na miji hiyo haijakubaliana mpaka leo: Wajerumani huiita ya Vienna, na watu wa Vienna huiita ya Frankfurt, kila mmoja akimrudishia mwenzake heshima au lawama.

Mgeni akikwambia ametoka Iceland, mwamini. Katika mji mkuu, Reykjavik, kuna kibanda kinachoitwa Bæjarins Beztu Pylsur kilichoanza mwaka 1937, na soseji yake kwa sehemu kubwa ni nyama ya kondoo, ingawa huchanganywa na ng'ombe na nguruwe. Anayejua kuagiza husema anataka moja yenye kila kitu: kitunguu kibichi na kitunguu kilichokaangwa kikawa kikavu hutangulia chini, soseji hulazwa juu yao, kisha hufuata sosi ya tungule, haradali tamu ya rangi ya kahawia, na remuladi, ambayo ni mayonezi iliyochanganywa na achari iliyokatwa ndogo ndogo. Kinachokatazwa Chicago kinaamrishwa Reykjavik. Rais mstaafu Bill Clinton alipopita hapo mwaka 2004 aliomba haradali tu, na Waiceland wanalisimulia jambo hilo mpaka sasa. Vile vitunguu vikavu ni vile vile tunavyonyunyiza juu ya biriani, kwa hivyo hilo pishi tayari unalo nyumbani.

Wadenmarki wana vigari vya soseji nyekundu, nyembamba na ndefu kuliko mkate, zikitokeza nje pande mbili, pamoja na matango ya siki yaliyokatwa nyembamba. Wachile wana mtindo wanaouita wa Kiitaliano kwa sababu ya rangi tu, si kwa mapishi: parachichi lililopondwa la kijani, mayonezi nyeupe na tungule nyekundu, kama bendera ya Italia. Nimeijaribu nyumbani, nikiongeza ndimu na chumvi kwenye parachichi, na naiona kuwa ni bora kuliko zote kwa hali ya hewa yetu, lakini iliwe pale pale kabla parachichi halijageuka rangi. Wakolombia huipaka sosi ya nanasi na kuivunjia juu krispi za mbatata. Wabrazili wa São Paulo huiweka pamoja na mbatata za kuponda, jambo ambalo sijaweza kulifurahia, kwani ni wanga juu ya wanga.

Ukitaka mfano wa karibu, nenda Nairobi. Nilipokuwa huko kwa arusi, kila kona ya njia palikuwa na kijana mwenye kigari kinachotoa moshi, akipasua soseji ya kuvutishwa moshi kwa urefu, akaijaza kachumbari na pilipili, akaikabidhi juu ya kipande cha karatasi bila ya mkate. Huiita smokie pasua, na ikiwekwa ndani ya chapati hupewa jina la smocha. Na Afrika Kusini wana boerewors, soseji ndefu inayozungushwa kama mkeka wa ukili, yenye harufu ya mbegu za kotmiri. Sheria ya nchi hiyo inataka isipungue asilimia 90 ya nyama na mafuta yake yasizidi asilimia 30, sharti ambalo natamani lingewekwa kwa kila soseji inayoshushwa bandarini kwetu.

*Shikamoo Bi Mpishi. Baba yangu amekataza hotidogi nyumbani kwa sababu ya jina. Anasema haiwezekani kitu kinachoitwa mbwa kuliwa na Muislamu. Sisi watoto tunamwambia ni jina tu. Jina hili lilitoka wapi?*

Marahaba mwanangu. Baba yako hayuko peke yake. Mwaka 2016 idara ya mambo ya Kiislamu ya Malaysia ilielekeza kuwa chakula chenye neno hilo kwenye jina lake kisipewe cheti cha halali mpaka kibadilishwe jina, na wako wauzaji waliolazimika kuandika soseji pahala pa mbwa.

Ama asili yake, Wamarekani wa karne ya 19 walikuwa na mzaha wa muda mrefu kuhusu nyama isiyojulikana iliyomo ndani ya soseji, na Wajerumani waliowauzia walikuwa maarufu pia kwa kufuga mbwa wafupi warefu wa kiwiliwili. Kufika miaka ya 1890 jina lilikuwa linaandikwa magazetini, na mwaka 1895 wanafunzi wa chuo cha Yale walikuwa wakilitumia kwa vigari vilivyouza soseji karibu na mabweni yao. Hadithi inayopendwa zaidi, kwamba lilibuniwa na mchoraji wa katuni mmoja uwanjani New York kwa sababu alishindwa kuandika jina la yule mbwa wa Kijerumani, haina ushahidi. Katuni hiyo imetafutwa na haikuonekana.

Mambo ya hukumu nawaachia masheikh. Kwa upande wa jiko, nakushauri usibishane na mzee: iite mkate wa soseji, ambalo ndilo jina linaloeleza kitu chenyewe, umwandalie sahani moja yenye achari ya embe pembeni. Mara nyingi kipingamizi cha wazee kiko kwenye neno, wala hakiko kwenye ladha.

*Mimi ni mama wa watoto watatu, Mwanakwerekwe. Wanangu wanataka soseji kila siku. Nataka kujua mambo matatu: nitajuaje kuwa ni halali, je ni salama kuzila zikiwa baridi kutoka kwenye friji, na je kuna madhara ya kuzila kila siku?*

Dada yangu, barua yako ni fupi lakini ndiyo nzito kuliko zote.

Kuhusu halali, maneno "soseji ya ng'ombe" au "soseji ya kuku" hayatoshi, kwani yanaeleza kilicho ndani tu. Ganda la nje nalo linaliwa. Soseji nyembamba za asili huvikwa utumbo wa kondoo, nene mara nyingi huvikwa utumbo wa nguruwe, na nyingi za viwandani huvikwa kolajeni, ambayo hutokana na ngozi ya ng'ombe au ya nguruwe. Ziko pia zisizo na ganda kabisa: hupikwa ndani ya mrija wa selulosi, inayotokana na mimea, kisha mrija huvuliwa. Soma maandishi yote ya pakiti, tafuta alama ya halali ya taasisi unayoitambua, na kama ganda halikutajwa, muulize muuzaji au iache.

Kuhusu kuzila baridi, ni kweli kuwa zimeshapikwa kiwandani, lakini zinaweza kuchafuliwa baada ya kupikwa. Kuna bakteria iitwayo listeria inayoweza kuongezeka hata ndani ya baridi ya friji, na kugandishwa hakuiui. Huko Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, maradhi ya bakteria hiyo yaliletwa na polony, ile soseji pana ya kukata vipande; waliothibitika kuugua walipindukia 1,000 na waliofariki walizidi 200, wakiwemo watoto wachanga wengi, kwa kuwa mama mjamzito akiipata huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Basi pasha soseji mpaka zitoe mvuke katikati, ambayo ni nyuzi 74 za selsiasi kwa mwenye kipimo. Usiziache ziruke kwenye maji yanayochemka kwa nguvu, kwani hupasuka na ladha yote ikabaki sufuriani. Umeme ukikatika usiku kucha na friji likapoteza baridi, zitupe, hata kama roho inauma.

Kuhusu kila siku, jibu langu ni hapana. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama zilizosindikwa, soseji zikiwemo, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, ikieleza kuwa kula gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa kiasi cha asilimia 18. Soseji moja ya kawaida ina uzito unaokaribia huo. Iwe kitu cha Ijumaa jioni au cha sikukuu. Na jambo ambalo hukuuliza: mtoto aliye chini ya miaka minne usimpe soseji nzima wala iliyokatwa mviringo, kwa sababu kipande hicho ni saizi ya koo lake na kinaweza kumkaba. Ipasue kwanza kwa urefu mara mbili, ndipo uikate vipande vidogo.

*Bi Mpishi, hapa Makunduchi hatupati hizo haradali za chupa, na zikipatikana ni ghali. Tufanye nini tukitaka hotidogi yenye ladha yake?*

Haradali ni rahisi kuliko unavyodhani, na rangi ya ile ya Wamarekani inatokana na manjano, ambayo sisi ndio tunaoichimba. Chukua vijiko vinne vya chakula vya mbegu za haradali, zile zile tunazotia kwenye achari, uzitwange zilainike, uzichanganye na maji baridi kiasi cha kuloanisha, kisha uache dakika kumi. Hapo ndipo ukali unapozaliwa, maana mbegu nzima haina ukali mpaka ipondwe na kukutana na maji, na maji ya moto huuzuia usitokee. Baada ya hapo tia siki vijiko vitatu, nusu kijiko cha chai cha manjano, chumvi na sukari kidogo. Siki huushika ukali usiendelee kupotea. Siku ya kwanza itakutoa machozi. Iache mpaka siku ya pili.

Na kwa kijana wa Wete pamoja nawe, haya ndiyo mapangilio ninayoyatumia mwenyewe. Boflo dogo lipasuliwe juu bila ya kufika kwenye ncha, lipashwe upande wa ndani juu ya mkaa. Kwanza ipakwe chatini ya nazi iliyosagwa pamoja na pilipili mbuzi, kotmiri, thomu na ndimu, ikiwa nzito isiyotiririka. Hii ndiyo laini ya kushikanisha, na huuzuia mkate usilowe. Kisha soseji ya ng'ombe iliyochanjwa mistari mitatu ya mshazari na kuchomwa kama mishikaki. Pembeni yake kachumbari ya kitunguu maji na tungule iliyotiwa chumvi na kukamuliwa maji kabla ya kutiwa ndimu, kwani kachumbari isiyokamuliwa huharibu boflo kwa dakika mbili. Halafu achari ya embe iliyokatwa ndogo ndogo, kijiko kimoja cha chai na si zaidi, na mstari mmoja wa haradali. Mwisho vunja juu yake krispi za muhogo, kama wauza urojo wanavyofanya. Wakolombia wamefika kwenye fikra hiyo hiyo kwa njia yao.

Nilijaribu kutia ukwaju pia. Ukizidi pamoja na achari, uchachu unakuwa wa pande mbili na mlaji anakunja uso, kwa hivyo chagua kimoja.

*Kwa mhariri wa ukurasa wa mapishi. Mimi ni mzee wa Ng'ambo. Tangu ujana wetu tulikula mishikaki ndani ya boflo kwa pilipili, na haikuhitaji jina la kigeni wala kanuni saba. Kwa nini mnawafundisha vijana kuuza soseji za kiwandani?*

Shikamoo mzee wangu. Kwa nyama, sina hoja ya kukushinda: mshikaki ni nyama ambayo mtu ameiona ikikatwa, na soseji huijui mpaka usome pakiti. Lakini boflo lako la mishikaki na hotidogi ni watoto wa fikra moja, nyama ya moto iliyotiwa ndani ya mkate ili mtu ale akiwa amesimama bila ya sahani, na hata pilipili yako ni kikolezo cha mji wako kama haradali ilivyo ya New York. Kijana wa Wete anatafuta riziki kwa kitu ambacho wenzake hawajakiuza, na mkaa wake unaweza kuchoma vyote viwili. Nimemwandikia pembeni ya jibu lake kwamba aweke pia mishikaki kwenye kigari hicho. Ukivuka kwenda Pemba siku moja, mwambie akutilie chatini ya nazi kwanza, kabla ya nyama.